Mbio za Magari Tunayoyajua

Muheza, Alhamisi, 20 Machi 2025

Safari Rally imeanza leo Kenya. Nimeiona kwenye simu asubuhi nikifungua duka, na mpaka nafunga sijamsikia mtu mwingine akiitaja. Mimi nauza spea. Kila anayesimama kaunta yangu ana gari, au analiendesha la mtu, au analitengeneza. Kama hawa hawana habari, nani anayo?

Kijiwe cha mbele ya duka kimeendelea na kesi yake: mechi ya Simba na Yanga ya tarehe 8, ile iliyoahirishwa siku yenyewe ya mchezo. Nani mwenye kosa, kanuni inasemaje, pointi apewe nani. Watu wamefunga, koo zimekauka, jua la Muheza linajulikana, na bado wanabishana juu ya mpira ambao haukuchezwa. Nimesikiliza tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi. Hakuna hata mmoja aliyekwenda Dar es Salaam siku ile, lakini kila mmoja ana hoja, ana jina la mchezaji, ana mfano wa mwaka fulani.

Hapo ndipo mbio za magari zilipopotea. Mchezo hupendwa na watu ambao hawakuwepo uwanjani. Wakiwa na la kubishania, wataufuata popote. Mbio za magari siku hizi hazimpi mtu wa Muheza cha kubishania.

Jumapili, 23 Machi

Ligi za Ulaya zimesimama kupisha timu za taifa, kwa hiyo kibanda umiza cha karibu na stendi kilikuwa na nafasi. Nimemwomba mwenyewe atuwekee hiyo Safari Rally ya Naivasha kwa kuunganisha simu yangu na televisheni. Amekubali. Vijana kama kumi hivi wamekaa, wengi ni wa bodaboda wanaovuta muda mpaka futari.

Mwanzoni walitulia. Vumbi lile, gari likikata kona huku matako yake yanatangulia, pundamilia kule mbali; nani asiangalie? Kisha kijana mmoja akauliza, "Kaka, hiyo si Vitz?"

Swali zuri kuliko yote niliyoyasikia wiki hii. Gari lenyewe ni Toyota GR Yaris, na Yaris ya zamani ndiyo iliyouzwa Japani kwa jina la Vitz, hizi hizi tunazoziona zikipakia abiria hapa. Wote wakasogea mbele. Dakika mbili nzima kibanda kilikuwa changu. Halafu ikabidi niseme ukweli: gari lile linafanana na la dukani kwa jina na sura tu. Linaendeshwa na magurudumu yote manne, giaboksi yake ni ya mashindano, fremu yake ya vyuma imesukwa kiwandani kwa ajili ya mbio, na bei yake hakuna tajiri wa Muheza anayeifikia. "Basi si Vitz," akasema, akarudi nyuma kwenye simu yake.

Ameshinda Elfyn Evans, wa pili Ott Tänak, wa tatu Thierry Neuville. Wakati Evans anapanda jukwaani tulikuwa tumebaki watatu.

Jumatatu, 31 Machi. Idi Mosi

Nimekwenda kumsalimia baba mdogo. Baada ya pilau nikamchokoza kwa kusudi. "Shikamoo baba. Hivi Shankland alikuwa anaendesha gari gani?"

Akajibu hata kabla ya marahaba. "Peugeot 404! Mara mbili mfululizo!" Mzee huyu jina la mjukuu wake wa mwisho linampotea, lakini Bert Shankland aliyeshinda Safari 1966 na 1967 hampotei. Naye ana haki ya kumkumbuka: Shankland alizaliwa Uskoti, lakini alikuwa mtu wa Dar es Salaam, na watu wa huku walimhesabu wao. Ushindi ule ulikuwa wa Tanzania.

Baba mdogo enzi hizo alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Anasimulia kwamba Pasaka ikifika walikuwa wanakesha barabarani, Waislamu kwa Wakristo, na chai kwenye birika kubwa. Taa zilionekana kwanza juu, kwenye miti, kabla ya kusikia injini. Gari likipita, mmoja anapaza sauti namba yake, mwingine anaandika kwenye daftari la ofisi. Asubuhi wanalinganisha na redio. Wasambaa wa milimani walikuwa na magari yao waliyoyapenda, watu wa mjini yao. Waligombana.

Nikamuuliza mbona walizipenda Peugeot. Akanishangaa. "Kwa sababu meneja wetu alikuwa nayo, bwana. Mhindi wa dukani alikuwa nayo. Tuliisukuma ikikwama. Tulijua inapovunjika."

Tulijua inapovunjika. Nimeyaandika maneno hayo nyuma ya risiti kabla hayajanitoka.

Jumatano, 2 Aprili

Leo sikufungua mpaka saa nne, nimekaa na maandishi yangu ya zamani kuhusu Safari. Nayaweka hapa kwa sababu kijana wa Vitz alistahili jibu refu kuliko nililompa.

Mbio za kwanza zilikuwa 1953, zikiitwa Coronation Safari, za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Waliozianzisha hawakuyapanga magari kwa ukubwa wa injini. Waliyapanga kwa bei ya dukani. Gari la bei rahisi lilishindana na wenzake wa bei rahisi. Mwaka ule hakukuwa hata na mshindi wa jumla rasmi, ingawa Alan Dix na Volkswagen yake ndiye aliyekuwa na adhabu chache kuliko wote. Mtu aliyesimama kando ya barabara alikuwa anaulizwa swali lake mwenyewe: kwa hela niliyonayo, gari gani litanifikisha?

Ndiyo sababu hadithi za zamani zimebaki. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 mvua ikamwagika na tena yakamaliza 7. Joginder Singh, mtoto wa Kericho, alishinda 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na timu ya kiwanda kabla hajaipata. Mtumba! Fundi wa Kalasinga na mdogo wake, ndani ya gari la mtumba, wakawaacha wengine kwa zaidi ya saa nzima. Akashinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, akashinda mara tano, 1973 kisha 1979 mpaka 1982 bila kupumzika. Mpaka Hannu Mikkola alipokuja na Ford Escort 1972, hakuna mgeni wa kutoka nje aliyewahi kuwashinda wenyeji. Miaka karibu 20!

Kisha yakaja yale tunayoyajua. Katikati ya miaka ya 1970 mbio zikabaki Kenya peke yake. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na huku kwetu redio ikawa na mambo mengine. Baadaye hata Kenya ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudishwa 2021. Safari ya zamani ilizidi kilomita 5,000. Ya mwaka huu, sehemu za kushindania muda hazikufika kilomita 400, nyingi ndani ya mashamba na hifadhi za kuzunguka Naivasha.

Nisiidharau ya sasa. Imejaza watu Naivasha, na 2022 Maxine Wahome, binti wa Kenya, alishinda daraja la WRC3. Nilipomwonyesha binti yangu picha yake aliibandika ndani ya mlango wa kabati, na hajaibandua. Watu wa Naivasha wana lao. Mimi naandika juu ya sisi wa Muheza, ambao magari ya mbio huja kwetu na bado hatuyaoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Mbio za ubingwa wa taifa zikiletwa mkoani Tanga, njia huchaguliwa kwenye mashamba ya mkonge, na ni haki yake. Barabara za mkonge zimenyooka, zimepigwa kwa mistari, zina kona za pembe ya mraba, na shamba likifungwa hakuna daladala wala mama wa kuni atakayetokea ghafla. Dereva anayetaka kujua kama gari lake limekaa sawa, ajaze mafuta aje kwetu.

Lakini mtazamaji je? Mara ya mwisho nilikwenda na kijana wangu wa dukani kwa pikipiki. Tulifuata alama za matairi kwenye vumbi kwa sababu hakuna aliyejua kwa uhakika njia inaanzia wapi. Tukasimama kwenye tuta kati ya mistari ya mkonge. Gari la kwanza likaja. Kwanza ule mlio kama kitambaa kinachopasuliwa, kisha changarawe zikitupiga kwenye suruali, kisha ukuta wa vumbi jekundu. Ndani ya vumbi nikaona namba nusu. Kijana akauliza, "Nani huyo?" Sikujua. Likaja la pili. Nani? La tatu. Aliyepita ana muda gani, anaongoza au ameachwa, anatoka Iringa, Arusha au Dar? Hakuna karatasi, hakuna spika, hakuna redio ya mkoa inayosoma muda. Waandaaji walikuwepo, wenye fulana na simu za upepo, wakiongea wao kwa wao kwa Kiingereza.

Karibu yetu walisimama wakata mkonge waliokuwa wamepewa mapumziko kwa sababu ya kufungwa kwa njia. Walipiga makofi kwa kila gari sawasawa. Makofi ya namna hiyo ni ya adabu. Shabiki humpigia mmoja na kumzomea mwingine. Baada ya magari saba wakakaa kivulini, migongo kwa barabara, na mbio zilikuwa zinaendelea.

Kile kisa kiliniuma na kinaniuma mpaka leo, kwa kuwa wale ni watu wanaojua magari. Trekta la shamba likizima, ndio wanaolifufua.

Jumatatu, 7 Aprili. Siku ya Karume

Gereji ya fundi wangu haikufungwa kwa sikukuu. Nimempelekea bushi na shokapu mbili za nyuma za IST namba D, inayofanya kazi ya kupeleka watu Amani. Mwenye gari alilia kwamba linagonga. Fundi akalipandisha jeki, akaishika shokapu ya kulia, akaibonyeza kwa mkono mmoja ikashuka yote na isirudi. Mafuta yalikuwa yameshavuja na kuganda na udongo, yakawa tope jeusi. Akaipangusa kwa kidole, akanionyesha.

"Huyu dereva," akasema, "anapita kona za kupanda Amani na hii mara nne kwa siku, amepakia watu sita na machungwa. Hao wa rali wangeweza?"

Kwa maneno yake mwenyewe amelitaja shindano ninalolitaka. Siku zote nimekuwa nikisema mbio za magari zikitaka watu warudi, zirudishe gari la watu. Liwepo daraja la IST na Vitz, na jingine la magari ya zamani ya shamba, Land Rover zile ambazo bado zinapanda milimani. Injini ya kiwandani, giaboksi ya kiwandani. Ruhusa iwe kwenye mambo ya kuokoa roho tu: fremu ya vyuma ndani, mikanda, helmeti, kizima moto. Basi siku ya mbio kila fundi wa Muheza, Korogwe na Pongwe atakuwa na maoni. Atasema fulani kaweka springi ngumu mno, atapata mtetemo. Atasema fulani kapunguza upepo. Kijiwe kitakuwa na kesi.

Fundi alinisikiliza huku anakaza nati. Akauliza swali moja tu: "Na wanaodanganya?"

Alhamisi, 10 Aprili

Swali la fundi lina historia yake. Wamarekani wana mbio za duara wanazoziita za magari ya dukani. Chama chao, NASCAR, kilianzishwa 1948 na Bill France na wenzake huko Daytona Beach. Mwaka uliofuata, 19 Juni 1949, wakafanya mbio zao za kwanza za magari yasiyochezewa, mjini Charlotte. Wa kwanza kufika alikuwa Glenn Dunaway na Ford. Wakaguzi wakainama chini ya gari wakakuta springi za nyuma zimetengenezwa, kwa sababu gari lile lilikuwa la kubebea gongo. Akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper aliyekuwa na Lincoln. Springi! Kitu kinachoning'inia ukutani kwangu.

Mchezo ulioanza kwa kugombania springi ulikua mpaka ukajaza viwanja vikubwa kuliko vya mpira. Tangu katikati ya miaka ya 2000 mashabiki wakaanza kupungua. Daytona wakabomoa jukwaa zima la upande wa nyuma. Wenye mchezo wakahangaika na hesabu za pointi: 2004 wakaweka mbio kumi za mwisho za kumtafuta bingwa, 2014 wakafika mahali ubingwa wa msimu mzima unaamuliwa kwa mbio moja kati ya madereva wanne. Hesabu zikageuzwa tena na tena. Lakini gari lenyewe lilikuwa limeshamwacha mtu. Camry ya barabarani inavutwa na tairi za mbele; ile wanayoshindania inasukumwa na za nyuma, kwa injini ya V8 ambayo huipati kwenye Camry yoyote ya dukani. Nadhani pale ndipo wangeanzia. Mtu hawezi kumtetea jirani asiyemjua, hata ukimbadilishia sheria za ugomvi kila mwaka.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua ya masika imekamata tangu usiku. Barabara ya Amani itakuwa sabuni.

Nimewaza habari ya usalama, kwa sababu wapo watakaoniambia kurudisha magari kwa watu ni kuua watu. Ni hofu ya kweli. Mwaka 1986, Ureno, gari liliacha njia likaingia kwenye umati na watazamaji watatu wakafa, na yale magari makali ya kundi B yakapigwa marufuku mwaka ule ule ulipoisha. Safari ya zamani nayo ilipita kwenye barabara zilizo wazi, timu zikirusha helikopta ya kumwonya dereva kwamba mbele kuna lori au ng'ombe. Sitaki hilo lirudi. Njia ifungwe. Lakini lifungwe shamba moja dogo, Kibaranga au upande wa Mlingano, magari yapite pale pale mara tano, sita, ili mtu asimame kwenye tuta la juu, nyuma ya kamba, amwone dereva wake kila baada ya dakika chache na kusikia muda wake ukisomwa. Kilomita mia za kutawanya watu kwenye mkonge ndizo hatari, kwa kuwa hakuna askari wala mgambo wa kutosha kuzilinda. Na gari la IST likiteleza halina kasi ya gari la kundi B. Polepole si aibu. Watu walikesha Korogwe kuliona gari linalofika, hata likiwa na taa moja.

Binti yangu amesoma kurasa hizi bila ruhusa. Anataka niongeze kwamba wasichana wapewe nafasi ya kusoma njia, kumwelekeza dereva, kwa sababu kazi hiyo inataka kichwa na sauti. Nimeongeza.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Zamani leo ndiyo magari yangekuwa yanamalizia Safari. Nimeutumia mchana kuandika barua kwa waandaaji wa mbio wa mkoa. Nimeomba, siku mbio za taifa zitakaporudi Tanga, watuachie mchana mmoja na shamba moja kwa magari ya kawaida, usajili ufanyike Muheza kwa Kiswahili, na orodha ya madereva pamoja na walikotoka ibandikwe sokoni wiki moja kabla.

Kuhusu udanganyifu nimeazima kwa Waswidi na Wafini. Wao wana mbio za watu wa kawaida, magari chakavu kwenye njia za udongo, na sheria moja inayotosha: baada ya mbio, mshindani yeyote anaweza kulinunua gari la mwenzake kwa bei iliyopangwa, na mwenye gari akikataa kuuza anaadhibiwa. Ukitumbukiza mamilioni kwenye injini, jirani atakuchukulia kwa bei ya chakavu. Kwa hiyo hakuna anayetumbukiza. Ufini, inayofundisha vijana namna hiyo, ndiyo nchi ya Mikkola, ya Juha Kankkunen aliyeshinda Safari mara tatu, na ya Kalle Rovanperä aliyeshinda 2022 na 2024.

Nimempelekea fundi aisome. Hapo kwenye kuuziana gari amesimama.

"Mtu hataliuza gari lake la kula, bwana. Hilo ni la kumsomeshea watoto."

"Basi isiwe gari. Iwe shokapu na springi. Akishinda, yeyote mwenye hela azifungue palepale, mbele ya watu."

Akafikiri, akaufuta mkono kwa tambara. Bei tumebishana mpaka jua likatua, pamoja na dereva wa IST aliyekuja kuchukua gari lake na wawili waliokuwa wanapita. Dereva anasema laki moja ni ndogo, watamwonea. Fundi anasema ikizidi hapo udanganyifu unarudi. Kwenye barua nimeandika laki moja na nusu, na chini yake nimeacha mistari mitatu mitupu ili kesho fundi na dereva watie saini kama bado wamekubali.